Mabango ya Makombo

Rasimu ya kwanza ya mabango ya kantini yetu ya chuo ilitawaliwa na neno moja: USITUPE. Mabango matano, sahani tano zenye wali uliobaki, na sauti ya mwalimu wa zamu. Nilipopewa kazi ya kuyanoa nilitaka kwanza kujua sauti hiyo imetoka wapi.

Sehemu kubwa imetoka vitani. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza, Herbert Hoover alikabidhiwa chakula cha nchi. Ngano na nyama zilitakiwa zivuke Atlantiki, naye aliegemea hiari ya watu zaidi kuliko kadi za mgawo. Hiari haiji bila kubembelezwa, kwa hiyo mabango yakawa mengi. Moja maarufu, la mchoraji Fred G. Cooper, ni orodha fupi ya maagizo: nunua kwa kufikiri, pika kwa uangalifu, pakua kinachotosha, tumia kilichobaki.

Uingereza ilikaza zaidi. Mgawo ulianza Januari 1940, na Agosti mwaka huo kutupa chakula kinacholika kukawa kosa la kumpeleka mtu mahakamani. Lakini mimi navutiwa na ndoo kuliko sheria. Mitaani ziliwekwa ndoo za makombo ya nguruwe, na kule Tottenham, London, masalio ya jikoni yalipikwa yakawa chakula cha mifugo, watu wakakiita kwa utani pudini ya Tottenham. Aliyesoma bango alijua ganda la kiazi linakwenda wapi. Amri ilikuwa na anwani. Mabango yetu hayakuwa nayo.

Wizara ya Chakula ya Uingereza, iliyomhesabia raia wake kila kipande cha mkate, ndiyo iliyoanzisha mpango wa karanga wa Tanganyika mwaka 1947, ikitafuta mafuta ya kula. Kongwa tunaijua: jua lilipowaka udongo ukawa mgumu kama saruji, mvua zikakosekana, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Upotevu ule haukuanzia kwenye sahani ya mtu.

Ndiyo maana bango la kwanza nimeligeuza limtazame mpakuaji. Kantini yetu ina upawa mmoja kwa wote, aliyetoka mazoezini na mwenye homa. Sasa bango linasema: Omba kidogo, rudi uongeze.

Mabango ya mboji yalinipa kazi ndogo zaidi. Rasimu ilianza na maelezo marefu ya kisayansi, kana kwamba jambo hili limetua jana. Mwingereza Albert Howard aliunda mbinu yake kule Indore, India, kati ya 1924 na 1931, akijifunza pia kwa wakulima wa huko: tabaka la majani na mabaki ya mimea, samadi, udongo na majivu kidogo, kisha kugeuza, na kwa takriban miezi mitatu mbolea iko tayari. Miaka ya 1930 mbinu hiyo ikafika kwenye mashamba ya kahawa ya Kenya. Uchagani, wakati huo, samadi ya ng'ombe wa zizini ilikuwa ikirudi kwenye migomba ya kihamba bila bango lolote. Nimefuta maelezo yote. Nimechora tabaka zenyewe, na mshale unaoelekea shimo lililo nyuma ya jiko letu, kwenye migomba.

La tano lina neno moja, Kiporo, na chai pembeni. Wenzangu walitaka sentensi nzima. Nimekataa, neno hilo lina asubuhi nzima ndani yake.

Mabango manne yako kwa mpiga chapa. Lile la upawa bado liko mezani kwa mpishi mkuu, ambaye alilisoma mara mbili akaniuliza: "Akirudi kuongeza, mwanangu, nani analipa?"