Meli Isiyo Yake
Mimi ni wa Masaka, Uganda. Kwetu ziwani ukichukua mtumbwi wa mtu bila ruhusa wewe ni mwizi, hata ukiurudisha jioni. Ndiyo maana habari za Robert Smalls zilinisumbua.

Smalls alikuwa mtumwa huko Charleston, Marekani. Alishika usukani wa Planter, meli iliyokodiwa na jeshi la Kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa watatu weupe walikwenda kulala mjini, kinyume cha amri. Yeye na wenzake wakaiondoa meli, wakapitia gati jingine kuwachukua wake na watoto. Mbele ya ngome ya Sumter alivaa kofia ya nahodha, akapiga honi ya ishara, wakaachwa wapite. Wangekamatwa, wangeuawa. Tena kisheria wao wenyewe walikuwa mali, yaani walikuwa wamejiiba!

Alfajiri wakaikabidhi meli kwa jeshi la majini la Kaskazini. Mwezi huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuwalipa nusu ya thamani yake. Fungu la Smalls likawa dola 1,500. Walioshtakiwa katika mahakama ya kijeshi ni wale maofisa waliolala mjini.