Umeambiwa uache gluteni: unaweza kunywa nini?

Mtu akigundulika kuwa na ugonjwa wa siliaki huelezwa aache mkate, chapati, maandazi na tambi. Vinywaji husahaulika. Ndiyo maana wapo wanaoacha ngano kabisa lakini tumbo linaendelea kujaa gesi, kuharisha hakukomi na damu haipandi. Ukiuliza vizuri unakuta wanakunywa bia, soda ya kimea au kikombe cha Milo kila asubuhi.

Makala hii ni ya mama au mlezi mwenye siliaki, au anayemhudumia mwenye siliaki, na anataka kujua kipi kinywewe nyumbani na kwenye sherehe bila kuumia na bila kumaliza fedha.

Kwa ufupi

- Kinacholeta shida kwenye bia ni kimea cha shayiri au ngano. Kileo ni jambo jingine.
- Kinywaji kisicho na kileo kinaweza kuwa na gluteni.
- Mtama, ulezi, uwele, mahindi, mchele, ndizi, nazi, asali na matunda havina gluteni kwa asili.
- Kabla ya kunywa, uliza: "Kimea ni cha nini?"

Gluteni hufanya nini mwilini?

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huitikia gluteni kwa kushambulia utumbo mwembamba. Vijinyuzi vidogo vinavyofyonza chakula huharibika. Mtu anaweza kula vizuri na bado akakonda, akapungukiwa damu au akachoka kila wakati. Mtoto anaweza kudumaa.

Ugonjwa huu hauambukizi, na mzio wa kawaida wa ngano ni kitu tofauti. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote. Kiasi kidogo kinachorudiwa kila siku kinatosha kuuzuia utumbo usipone, hata kama husikii maumivu.

Kwa nini bia ya kawaida haifai

Bia nyingi za chupa na kopo hutengenezwa kwa shayiri. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa. Hicho ndicho kimea. Kuchachua hakuondoi gluteni yote, na kuchemsha hakuiondoi. Bia nyeusi na bia nyepesi ziko sawa katika hili. Bia za ngano nazo hazifai.

Angalia pia neno lenyewe. Baadhi ya watu huita oti "shayiri". Ukiambiwa kinywaji au uji una shayiri, uliza ni ipi. Oti nazo si salama mpaka pakiti ionyeshe hazina gluteni, kwa sababu mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani.

Visivyo na kileo: usidanganyike

Familia nyingi zisizotumia pombe hununua vinywaji vya kimea visivyo na kileo kwa ajili ya futari, Idi, harusi au ubatizo. Vingi vyake ni vya shayiri. Kwa mwenye siliaki havina tofauti na bia.

Vinywaji vya unga kama Milo, Ovaltine na Horlicks pia hutokana na kimea cha shayiri, na Horlicks ina ngano pia. Hivi ndivyo mtoto hupewa "apate nguvu". Kama mtoto wako ana siliaki, mpe maziwa yenye kakao halisi, au uji wa ulezi au mtama.

Togwa ya mahindi au mtama iliyotiwa kimea cha ulezi inafaa. Tatizo huja unga ukisagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, au ukinunua unga wa lishe uliochanganywa ngano. Nunua nafaka nzima, ichague na ioshe, kisha saga siku ambayo mashine haisagi ngano. Kama una kinu au mashine ndogo nyumbani, ni salama zaidi.

Vinywaji vya kienyeji

Vingi vya vinywaji vyetu vya asili havina gluteni vikitengenezwa kama ilivyozoeleka:

- Mbege ya Uchagani: ndizi mbivu na kimea cha ulezi.
- Rubisi ya Kagera, na pombe za ndizi za Uganda, Rwanda na Burundi: maji ya ndizi na mtama.
- Busaa ya magharibi mwa Kenya: unga wa mahindi na kimea cha ulezi, ambao huko huitwa wimbi.
- Tembo la mnazi la Pwani: utomvu wa mnazi.
- Ulanzi wa Iringa na Njombe: utomvu wa mianzi.

Lakini jina la pombe si dhamana. Kila mpishi ana mkono wake, na anayeishi eneo linalolima ngano au shayiri anaweza kuongeza kidogo. Muulize kwa heshima: "Mama, samahani, tumbo langu linakataa ngano na shayiri. Kimea chako ni cha nini? Umeongeza unga mwingine wowote?" Asipokuwa na uhakika, acha.

Angalia na usafi. Nafaka yenye ukungu inaweza kuwa na sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Gongo au chang'aa usinywe kabisa. Inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua.

Bia ya mtama ya kiwandani

Viwanda vya Afrika Mashariki vimekuwa vikitengeneza bia ya mtama ili kupunguza gharama. Mfano ni Eagle Lager, iliyoanza kuuzwa Uganda mwaka 2002. Bia za aina hii zilikusudiwa wanywaji wa kipato kidogo, si wagonjwa wa siliaki. Kwa hiyo neno "mtama" mbele ya chupa halimaanishi kwamba ndani hakuna shayiri. Soma viambato vyote. Ukiona shayiri, kimea kisichotajwa ni cha nini, au ukikosa orodha ya viambato, iache.

Bia ya pipa ni ngumu zaidi, maana huoni lebo na mrija huohuo unaweza kuwa umepitisha bia nyingine.

Saida, divai na pombe kali

Saida ni juisi ya matufaha iliyochachushwa. Kwa asili haina gluteni, na kwa wengi ndiyo rahisi kupata kuliko bia maalumu. Lakini zipo chupa zenye ladha ya tufaha au limau ambazo msingi wake ni kimea. Hizo si saida halisi. Tafuta lebo inayotaja juisi ya matufaha na isiyotaja kimea.

Divai ya zabibu, ikiwemo ya Dodoma, haina gluteni kwa asili. Pombe kali iliyokenekwa kiwandani, hata ya nafaka, kwa kawaida haibaki na gluteni, isipokuwa ladha imeongezwa baadaye. Lakini kileo chake ni kikali. Usiitumie kujaza nafasi ya bia.

Kusoma lebo ya bia maalumu

Kipimo cha kimataifa cha "haina gluteni" ni miligramu 20 au pungufu kwa kila kilo moja. Kuna bia za aina mbili:

1. Zilizotengenezwa kwa mtama, ulezi, mchele au mahindi tangu mwanzo. Hizi ndizo za kuchagua.
2. Zilizotengenezwa kwa shayiri, kisha gluteni ikavunjwavunjwa kwa vimeng'enya.

Kama una ndugu Ulaya au Marekani anayekuletea, ajue tofauti hii. Ulaya, bia ya shayiri iliyopunguzwa gluteni inaweza kuandikwa kuwa haina gluteni ikifikia kipimo hicho. Marekani hairuhusiwi kuandikwa hivyo, kwa sababu baada ya kuchachua ni vigumu kupima kwa uhakika vipande vya gluteni vilivyobaki. Baadhi ya wagonjwa huugua wakiinywa. Ushauri wangu ni kuiacha.

Kupunguza gharama

- Usianze kwa kutafuta bia ya kuagiza, huwa ghali. Anza na vya asili visivyo na gluteni ambavyo bei yake unaimudu.
- Kwa sherehe ya nyumbani, andaa juisi ya ukwaju, ubuyu, rozela au tangawizi kwa wote. Mgonjwa hatatengwa na watoto watakunywa pia.
- Ukialikwa, beba chupa yako moja na kikombe chako. Mweleze mwenyeji mapema, si mezani.
- Soda za kawaida na maji hazina shida hii. Epuka soda za kimea tu.

Nani asinywe pombe kabisa

Kukosa gluteni hakuifanyi pombe kuwa salama. Usinywe kabisa kama una ujauzito au unajaribu kupata ujauzito, maana hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto tumboni. Kama unanyonyesha, ni bora kuacha, kwa kuwa kileo huingia kwenye maziwa. Usinywe pia kama una ugonjwa wa ini au unatumia dawa za kifua kikuu, na kabla ya kunywa ukiwa kwenye dawa nyingine yoyote, muulize mhudumu wa afya. Mtoto asipewe pombe, hata "ya kuonja".

Lini uende kituo cha afya

Nenda kama wewe au mtoto anaharisha kwa zaidi ya wiki mbili, anapungua uzito, haongezeki kwenye kadi ya kliniki, au damu haipandi licha ya dawa. Minyoo, amiba na magonjwa mengine huleta dalili hizohizo, kwa hiyo usijipime mwenyewe.

Usiache gluteni kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu cha siliaki hufanywa mtu akiwa bado anakula ngano. Ukiacha mapema, kinaweza kuonyesha huna ugonjwa wakati unao.

Kama ulishagundulika na dalili zimerudi, andika kila ulichokula na kunywa kwa wiki moja, vinywaji vikiwemo, na uende na orodha hiyo kliniki. Mara nyingi jibu hupatikana humo, kwenye kikombe ambacho hakuna aliyekihesabu.