Siku Kodi Ilipohama Kichwani

Mzee wangu mmoja wa Muheza ana kopo la majani ya chai anamotunzia makaratasi. Siku moja alilifungua akitafuta kadi ya kliniki, ikatoka stakabadhi ya kodi iliyokunjwa mara nne, wino umefifia hadi mwaka hausomeki. "Hiyo ni ya kodi ya kichwa, mwanangu," akaniambia. "Ilifutwa baada ya Azimio, tukapumua." Nimeisikia habari hiyo tangu utotoni: Azimio la Arusha likaja 1967, kodi ikaondoka, maskini akapumzika. Lakini kodi ikiondoka, pengo lake linazibwa na nini?

Nikaanzia kwenye chimbuko. Utawala wa Kijerumani ulitunga sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897, ukaanza kuitoza 1898. Kibanda cha kijijini rupia 3. Mwaka 1905 ukaongeza ya kichwa kwa wanaume wazima. Haikutafutwa fedha peke yake. Asiye na rupia alilazimika kuzifuata kwenye mashamba makubwa, na hapo kodi ikageuka mnyororo wa kazi. Waingereza nao waliitungia sheria yao mwaka 1922. Ikiwa ilichukiwa kiasi hicho, mbona uhuru wa 1961 uliikuta na haukuizika papo hapo?

Kwenye hifadhi ya nyaraka Dar es Salaam nilipoteza siku mbili. Nilikuwa nasaka tangazo la kufuta "kodi ya kichwa", na sikuliona. Kosa lilikuwa langu: hilo ni jina la barazani, si la sheria. Kufikia miaka ya sitini, zilizokuwa zikiwatoza watu vijijini ni halmashauri, na vitabu vya serikali viliuita ushuru huo wa wilaya kwa majina mengine kabisa. Nilipobadilisha jina, njia ikafunguka. Ushuru ule ulifutwa mwaka 1969, pamoja na ushuru wa mazao. Miaka miwili baada ya Azimio, basi. Kumbukumbu ya mzee haikuwa mbali. Ila kwenye mwaka huohuo 1969 kuna sheria ya pili, ya kodi ya mauzo. Je, ni sadfa?

Wapo wanaosema kodi ya zamani ilifutwa kwa huruma. Wengine wanasema ilikuwa hesabu tu: kumfuata mtu mmoja mmoja kijijini kulikula sehemu kubwa ya kilichokusanywa, kumbe kiwanda kimoja kinalipa kwa niaba ya maelfu. Sioni sababu ya kuchagua moja. Huruma na hesabu zinaweza kulala nyumba moja. Ninachokikataa ni neno "iliondoka". Kodi ilihama kutoka kwenye kichwa cha mtu ikaingia kwenye bidhaa anazonunua. Sasa kwa nini hakuna anayeukumbuka uhamisho huo?

Jibu nililipata ndani ya lile kopo. Kodi ya kichwa ilikuwa na karatasi. Uliikunja, ukaitunza, ukaionyesha ulipoulizwa. Kodi ya mauzo ilitozwa kiwandani na bandarini. Ilipofika dukani ilikwisha kumezwa na bei, na muuza duka hakukupa kitu cha kutunza. Nikarudi Muheza na swali lililonikera: stakabadhi ile ilikuwa ya mwaka gani hasa?

Mzee akaanza kusimulia jinsi mgambo walivyokuja alfajiri kudai kodi hiyo, naye akakimbilia shambani na blanketi. Nikamuuliza ni lini. Hakujua mwaka, ila alikumbuka kwamba wakati huo sukari ilipatikana kwa foleni, na mtoto wake wa tatu alikuwa anatembea. Sukari ya foleni ni miaka ya themanini mwanzoni, si sitini. Kodi aliyoikimbia haikuwa ile iliyofutwa 1969. Ilikuwa kodi ya maendeleo, iliyokuja kati ya 1983 na 1984 halmashauri zilipofufuliwa, ikatozwa tena kichwa kwa kichwa. Kumbukumbu yake ilikuwa imezifunga kodi mbili kitita kimoja. Na kodi ya mauzo, iliyokuja kushika nafasi ya ile ya kwanza, je, iliondolewa?

Haikuondolewa. Iliendelea hadi Julai 1998, ilipopisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, ikashuka hadi 18 mwaka 2009. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003. Kwa karibu miaka ishirini, basi, mwanakijiji alilipa kwa kichwa na kwa sabuni, na mwenye mshahara alikatwa juu ya hayo. Nami nashikilia hukumu hii: kodi moja ilibadilishwa kwa nyingine, lakini mabadilishano hayo hayakudumu. Leo anayependekeza kufuta kodi ya mapato na kuweka ya matumizi atuonyeshe kitakachoizuia ile ya kwanza kurudi.

Kabla sijaondoka nilimnunulia mzee mche wa sabuni wa shilingi 3,500 kwenye duka la mjini lenye mashine ya risiti. Kodi ndani yake ilikuwa shilingi 534 hivi. Mzee hana mshahara wala pensheni. Aliikunja risiti mara nne, akaitia koponi. Nawe msomaji, kama kwenu kuna kopo la namna hiyo, usilitupe. Kasome miaka iliyoandikwa kwenye hizo karatasi kabla wino haujaisha.