Ganda la figo: Chujio la damu lisiloota upya

UKIPASUA figo ya mbuzi kwa urefu, utaona tabaka mbili zisizofanana. Ile ya nje, iliyo chini ya utando mwembamba unaoifunika figo, ndiyo ganda la figo, ambalo wataalamu huliita koteksi. Ya ndani ni medula. Figo ya binadamu nayo ina tabaka hizo mbili.

Kwa mtu mzima, figo huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 12, na ganda lake unene wa takriban sentimita moja. Hata hivyo, mna vichujio vipatavyo milioni moja katika ganda la kila figo. Kila kichujio ni kishada cha mishipa myembamba mno ya damu kilichozingirwa na kifuko mfano wa kikombe. Daktari Mwingereza, William Bowman, ndiye aliyeeleza mnamo 1842 jinsi kifuko hicho kinavyoungana na mrija wa mkojo.

Takriban sehemu moja kwa tano ya damu isukumwayo na moyo hupitia kwenye figo, na nyingi yake huenda gandani. Humo maji, chumvi, sukari na taka huchujwa, ilhali chembechembe za damu na protini nyingi husalia. Maji yanayochujwa hufikia lita 180 kwa siku. Mirija iliyojipinda humo humo gandani hurejesha mwilini thuluthi mbili za maji hayo pamoja na karibu sukari yote. Mengine hurejeshwa mbele zaidi, hata mtu akakojoa lita moja au mbili tu.

Aidha, ganda hutoa homoni inayouchochea uboho kuunda chembechembe nyekundu za damu. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wa figo hupungukiwa na damu. Pia hutoa renini, inayosaidia kudhibiti shinikizo la damu.

Hatari ni kwamba kichujio kikifa, hakioti kingine. Vilivyosalia hubeba mzigo wake kimyakimya, na mgonjwa huenda asihisi lolote hadi vingi viwe vimeangamia. Kisukari na shinikizo la damu ndizo sababu kuu za maangamizi hayo. Mwenye maradhi hayo hana budi kupimwa protini katika mkojo na kreatinini katika damu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hahisi maumivu yoyote.