Siku mbio zilipomkolea Filbert Bayi

Ndugu msikilizaji, mtoto aliyekolewa na mchezo haitiki akiitwa. Mama ataita mara tatu, uji utapoa, jua litazama, naye yuko na mpira wake wa makaratasi. Sisi humchapa tukidhani ni jeuri, kumbe hakusikia. Leo nataka tuizungumzie hali hiyo inapomkuta mtu mzima, tena mbele ya umati.

Tarehe 2 Februari, 1974, ilikimbiwa fainali ya meta 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand. Mimi sikuwa nimezaliwa; nimekuta masimulizi na filamu. Katika mbio hizo wakimbiaji wengi hutegeana. Hakuna anayetaka kutangulia na kukata upepo kwa niaba ya wenzake, na kila mmoja husubiri mzunguko wa mwisho.

Filbert Bayi wa Tanzania, kijana wa miaka 20, hakutegea. Bastola ilipolia alikwenda mbele na akabaki mbele. Nyuma yake alikuwapo John Walker, mwenyeji wa New Zealand. Alikuwapo pia Ben Jipcho wa Kenya, ambaye katika michezo hiyo hiyo alinyakua dhahabu ya meta 5,000 na ya kuruka viunzi na maji. Mwishoni Walker alimkaribia Bayi lakini hakumfikia. Saa ilionyesha dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani, dakika 3 na sekunde 33.1, iliyodumu tangu mwaka 1967, ikawa imevunjwa. Walker naye alikimbia chini ya muda wa Ryun, lakini akaambulia nafasi ya pili.

Mtu akifanya jambo kama hilo, mitaani tunasema leo jini lake limempanda. Wengine hutafuta hirizi. Lakini miaka hiyo hiyo mtaalamu mmoja wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, Mihaly Csikszentmihalyi, alikuwa akiwahoji wapanda miamba, wacheza sataranji, wacheza dansi na madaktari wa upasuaji. Alitaka kujua kwa nini mtu huzama katika shughuli ngumu hata pasipo malipo. Mwaka 1975 alichapisha kitabu juu ya aliyoyagundua. Hali hiyo aliiita mtiririko, maana baadhi ya waliohojiwa walisema walijihisi kama wanachukuliwa na maji.

Mtiririko una masharti yake. Kazi ilingane na uwezo wa mtu: ikimzidi sana huogopa, ikiwa nyepesi mno humchosha. Lengo liwe wazi. Na kila hatua imwonyeshe papo hapo kama amepatia au amekosea. Hayo yakitimia, mtu hujisahau. Hawazi tena watu wanamwonaje, na saa nzima huweza kumpita kama dakika tano.

Zitazame tena mbio za Christchurch. Anayetangulia hahitaji kubahatisha nani atachomoka na lini. Kazi yake ni moja, kuushika mwendo wake, na miguu na pumzi humpa jibu kila hatua. Uwezo nao ulikuwapo. Mwaka 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, Bayi alikuwa amekwisha mshinda Kipchoge Keino katika umbali huo huo. Kichwa cha mtu hakipimwi kwa saa, lakini mimi naziona mbio zake zikitimiza masharti yote.

Kinyume chake nakijua mwenyewe. Mara ya kwanza kutangaza mpira, nilianza kuisikiliza sauti yangu. Nikamwaza mkuu wangu wa kazi, nikawawaza majirani waliokizunguka kiredio. Goli likaingia, nami nikamtaja mfungaji asiye yeye. Mapumziko yalipofika, mtangazaji mkongwe aliyekuwa kando yangu aliniambia maneno mawili tu: fuata mpira. Kipindi cha pili niliufuata, na filimbi ya mwisho ilinikuta sijatazama saa hata mara moja.

Sasa tujiulize, wanamichezo wetu tunawaaga vipi? Tunamkabidhi kijana bendera, kisha hotuba juu ya hotuba: taifa zima linakutazama, usituaibishe. Huo ni mzigo. Tunampeleka kwenye mstari wa kuanzia akiwaza mapokezi ya uwanja wa ndege, wakati alitakiwa kuwaza hatua inayofuata. Akishindwa tunasema hana uzalendo. Wala hatuulizi alikaa kambini siku ngapi, wala alikutana na washindani wa kweli mara ngapi kabla ya siku hiyo.

Mtiririko hauagizwi kwa hotuba wala haununuliwi kwa mganga. Huja, ukipenda kuja, kwa mtu aliyekwisha jifunza kazi yake mpaka mwili unaijua. Sehemu iliyo mikononi mwetu ni mazoezi, kambi, makocha na mashindano ya mara kwa mara. Hayo yakiwapo, siku ya mbio kijana anahitaji maneno machache tu kutoka kwetu. Kisha tunyamaze, tumwache akimbie.

Tukutane tena juma lijalo.