Waliolisha Msitu: Historia Fupi ya Mnara wa Mau Mau, Uhuru Park

Tarehe 12 Septemba 2015 wazee wetu wa Mau Mau, waliopigana na ukoloni wa Mwingereza, walijaa Freedom Corner ndani ya Uhuru Park, Nairobi, wengine wakitegemea mikongojo, kushuhudia mnara wao ukizinduliwa. Kevin Oduor, aliyetupatia pia sanamu ya kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, mwaka 2007, aliwachonga watu wawili: mpiganaji wa msituni na mama anayempa chakula. Kila mmoja ametazama kando. Ndivyo ilivyokuwa: ambaye hakumwona mwenzake usoni hakuwa na jina la kutaja hata akiteswa. Mama kusimamishwa sawa na mpiganaji ni heshima ambayo kina mama waliidai kwa jasho lao, na tunajivunia kwamba safari hii hawakusahauliwa.

Gavana wa kikoloni Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, vijana wa Mau Mau waliingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Lakini msituni hakuna shamba. Chakula, dawa, risasi na habari za askari walipo vilipitia mikononi mwa mama, dada na wake zao, tena usiku. Muthoni wa Kirima wa Nyeri alianzia huko huko, kwenye kubeba na kupeleleza, ndipo akaingia msituni na kupanda hadi cheo cha Field Marshal. Mwanamke gani mwingine alikifikia?

Mkoloni aliijua nguvu yao. Kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakarundikwa vijijini, nyuma ya mahandaki yaliyopandwa miti yenye ncha, ili njia ya chakula ikatike. Kina mama wenyewe walilazimishwa kuyachimba. Wengine walifungwa katika gereza la Kamiti. Jane Muthoni Mara alikuwa msichana wa takriban miaka 15 alipopelekwa kambi ya Gatithi kwa tuhuma za kuwalisha wapiganaji. Mateso aliyoyapata huko hayasimuliki kwa wepesi, naye aliyasimulia mbele ya mahakama ya London. Mungu ambariki kwa ujasiri huo.

Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, na chama cha wapiganaji wa zamani kikapata kusimama hadharani. Mzee Gitu wa Kahengeri, msemaji wake asiyechoka, alishirikiana na shirika la haki za binadamu la KHRC hadi kesi dhidi ya serikali ya Uingereza ikafunguliwa London mwaka 2009. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje, alilieleza bunge la Uingereza masikitiko ya serikali yake, akatangaza pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228 pamoja na msaada wa kujenga mnara. Wengi hawakuwemo katika orodha hiyo, na maneno yalikuwepo kati ya wazee. Hayo yalizungumzwa nyumbani.

Na Freedom Corner, mnara uliposimamishwa, palifaa mno. Mwaka 1992, akiwa nao mwanamazingira Wangari Maathai, kina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula papo hapo wakidai wana wao.

Tangu uzinduzi: 2018, kesi ya walalamikaji wengine zaidi ya 40,000 ilitupwa London. 2021, bustani ya Uhuru Park ilifungwa kwa ukarabati. 2023, tulimpoteza Mzee Gitu mwezi Januari, na Field Marshal Muthoni mwezi Septemba.