Samaki Mweupe wa Kuoka kwa Majani ya Viungo na Limau

Samaki mweupe wa kuoka ni mlo unaopatikana kwa kumweka ndani ya oveni au tanuri samaki mwenye nyama nyeupe na mafuta machache, akiwa mzima au akiwa minofu, pamoja na majani mabichi ya viungo, limau, chumvi na, katika nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania ambako mlo huu una mizizi mirefu, mafuta ya zeituni. Vitabu vingi vya upishi huuhesabu miongoni mwa milo rahisi, na ni kweli kwamba hauna kazi nyingi za mikono. Lakini wepesi huo una mipaka yake, kwa kuwa samaki wa aina hii hana mafuta ya kumkinga na moto, na karibu kila desturi inayofuatwa katika kumwoka, kuanzia kumfunika hadi wakati wa kumkamulia limau, imetokana na upungufu huo.

Kundi la samaki weupe hutambuliwa kwa mahali mafuta yanapohifadhiwa mwilini. Kodi wa Atlantiki (Gadus morhua), ambaye ndiye mfano mkuu wa kundi hili katika Ulaya ya kaskazini, huweka akiba yake ya mafuta kwenye ini, na kutokana na ini hilo hupatikana mafuta ya samaki ambayo watoto wa vizazi kadhaa wamenyweshwa kwa kijiko. Nyama yenyewe, ikiwa mbichi, huwa na takriban gramu 18 za protini na chini ya gramu 1 ya mafuta katika kila gramu 100. Vibua na dagaa, kinyume chake, hutawanya mafuta katika misuli yote, na kwa sababu hiyo huvumilia moto mkali bila kukauka upesi. Weupe wa nyama nao una maelezo yake: samaki wanaokaa karibu na sakafu ya bahari au kwenye miamba, wakitoka kwa kasi pale tu wanapofukuza au kufukuzwa, hutumia misuli isiyohitaji damu nyingi, ilhali jodari anayeogelea bila kupumzika huwa na misuli myekundu iliyojaa hemoglobini na mioglobini, yaani protini zinazobeba na kuhifadhi oksijeni. Mbali na kodi, kundi la samaki weupe lina hadoki, heki, halibuti, besi wa Ulaya (Dicentrarchus labrax) na dorada (Sparus aurata). Katika Afrika Mashariki wanaolingana nao ni changu, chewa, sato na sangara.

Nyama ya samaki haikujengwa kama nyama ya ng'ombe. Misuli yake ni mifupi na imepangwa kwa matabaka, na kila tabaka limetenganishwa na jingine kwa utando mwembamba wa kolajeni, protini inayounganisha tishu za mwili. Kolajeni ya samaki ni kidogo na ni dhaifu, hivyo huanza kuyeyuka kuwa jelatini katika nyuzijoto 50 hivi za Selsiasi, wakati ile ya ng'ombe hudai saa kadhaa za kuchemka; ndiyo maana samaki aliyeiva huachana kwa vipande laini bila kuhitaji kisu. Protini za misuli zenyewe huanza kuganda karibu na nyuzijoto 40, nyama hubadilika kutoka hali ya kioo na kuwa nyeupe kama maziwa, na inapofika kati ya 55 na 60 huwa imeshika bila kupoteza maji yake. Ikipita 65, nyuzi hujikunja na kukamua maji, na juu ya samaki hutokea utomvu mweupe wa protini zilizoganda, ambao ni dalili kwamba moto umezidi au muda umepita. Mamlaka za usalama wa chakula za Marekani hupendekeza nyuzijoto 63 katikati ya nyama. Kiwango hicho humwacha mpishi na nafasi ndogo sana kati ya samaki aliye salama na samaki aliyekauka.

Kwa mpishi asiye na kipimajoto, ukaguzi hufanyika mahali penye unene mkubwa zaidi, ambapo kwa samaki mzima ni nyuma ya kichwa. Ncha ya kisu huingizwa hadi kwenye uti wa mgongo na kuachwa humo kwa muda mfupi, kisha huguswa kwenye mdomo wa chini wa mpishi: ikiwa ya uvuguvugu samaki hajaiva, na ikiwa ya moto yuko tayari. Matabaka yanapaswa kuteleza na kuachana yakisukumwa kidogo, nyama ikibanduka kwenye mfupa huku ikibaki na mng'ao wa unyevu, na pezi la mgongoni likichomoka bila kuvutwa kwa nguvu. Kuhusu muda, kanuni inayojulikana zaidi ni ile iliyotokana na idara ya uvuvi ya Kanada na kuenezwa na mwandishi wa upishi wa Marekani James Beard, inayotaka samaki aokwe kwa dakika 10 kwa kila sentimita 2.5 za unene wake katika oveni yenye joto la nyuzi 230 hivi. Kanuni hii ni sahihi katika jambo moja kubwa, nalo ni kwamba kinachoamua muda ni unene na si uzito. Lakini dakika zenyewe ni nyingi kwa minofu myembamba, na wapishi wengi wa leo huanza kukagua mapema zaidi. Samaki mzima wa kilo moja, katika joto la nyuzi 200, kwa kawaida huchukua dakika 25 hadi 30.

Limau (Citrus limon) lina kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni ya kikemia. Samaki wa baharini huwa na kampaundi inayowasaidia kuhimili chumvi ya maji, ambayo baada ya kufa kwao huvunjwavunjwa na bakteria na kuwa trimethilamini, chanzo cha ile harufu ya shombo. Asidi ya limau huibadilisha trimethilamini hiyo kuwa chumvi isiyoruka hewani, na pua haiipati tena. Kwa samaki wa maji baridi tatizo huwa tofauti, kwa kuwa ladha yao ya matope hutokana na jiosmini, kemikali inayotengenezwa na vijidudu vya majini, lakini hiyo nayo huvunjika katika asidi, na hapo desturi ya kumpaka sato ndimu kabla ya kumpika hupata uthibitisho wa kisayansi. Ifahamike tu kwamba asidi huondoa harufu, haiondoi uozo. Samaki ambaye macho yake yamedidimia na matamvua yake yamekuwa ya kahawia hatengenezwi kwa limau.

Kazi ya pili ni ya ladha, na hapa wakati wa kulitia limau una uzito kuliko kiasi chake. Maji ya limau, ambayo ukali wake ni kati ya 2 na 3 kwenye kipimo cha pH, hugandisha protini kama moto unavyofanya, na juu ya tabia hiyo umejengwa mlo wa seviche wa Peru ambao samaki wake haguswi na moto kabisa. Samaki aliyelowekwa katika limau kwa saa nzima kisha akatiwa ovenini huwa amepikwa mara mbili, na matokeo yake ni nyama inayovunjika kama chaki. Dakika 10 zinatosha kwa kuondoa shombo, na limau la ladha lafaa likamuliwe samaki akiwa ameshatoka motoni, kwa sababu harufu nzuri ya maji yake hupotea kwa joto. Harufu inayostahimili moto zaidi imo katika mafuta ya ganda la njano, ambalo laweza kukwaruzwa na kuchanganywa na mafuta ya zeituni. Vipande vya mviringo vinavyopangwa juu ya samaki hupendeza macho, ila sehemu nyeupe iliyo kati ya ganda na nyama ya limau huwa chungu ikikaa motoni kwa muda mrefu, hivyo vikatwe vyembamba mno. Vilevile, pale samaki anapofungwa kwa foili ya aluminiamu, asidi na chumvi huila metali hiyo na kuacha ladha ya chuma. Karatasi ya kuokea ikitangulizwa ndani, tatizo huisha.

Majani ya viungo hugawanyika kwa ugumu wake. Yale yenye majani magumu na mashina ya miti, kama rozimari, thaimu na oregano, hubeba mafuta yasiyopotea upesi, hivyo huwekwa tumboni mwa samaki au chini yake tangu mwanzo, kwa kiasi kidogo, maana rozimari ikizidi humgeuza samaki kuwa dawa. Yale laini, kama pasli, shibiti, giligilani na mrehani, hupoteza harufu na rangi baada ya dakika chache, na mahali pake ni juu ya sahani, yakiwa yamekatwakatwa muda huohuo. Mashina yake, ambayo wengi huyatupa, ndiyo yanayofaa kwenda tumboni. Shamari hutumika kwa namna zote mbili, tunguu lake likiwa tandiko la samaki na majani yake yakinyunyizwa mwishoni.

Kumwoka samaki kwa majani ni jambo la kale kuliko limau lenyewe katika Mediterania. Arkestrato wa Gela, mshairi wa Kigiriki kutoka Sisilia aliyeishi katika karne ya 4 KK, aliacha maelekezo ya kumfunga samaki kwa majani ya mtini pamoja na oregano kidogo na kumzika katika majivu ya moto, na aliwasema vikali wapishi waliofunika samaki mzuri kwa jibini na mchanganyiko wa viungo vizito. Wakati huo ukali wa ladha ulitokana na siki. Limau, ambalo ni chotara wa balungi la kale na mchungwa mchungu, lilienea katika eneo hilo kwa mikono ya wakulima na wafanyabiashara wa Kiarabu katika Zama za Kati, na katika karne ya 12 Ibn Jumay, tabibu wa Sultani Salahuddin, aliliandikia risala yake maalumu. Hata hivyo, kitabu cha upishi cha al-Baghdadi cha mwaka 1226 kinaeleza samaki wa tanuri anayepata ukali wake kutoka kwa sumaki, yaani matunda makavu ya kichaka chenye ladha ya ugwadu: samaki hupakwa mafuta ya ufuta na zafarani, hujazwa thaimu, kitunguu saumu na jozi zilizopondwa, hufungwa kwa nyuzi za pamba na kuachwa aive juu ya moto usiowaka kwa ndimi. Mafuta ya nje, kujaza ndani na moto wa taratibu vyote vimo humo, na mapishi ya leo hayajaongeza mengi.

Leo kila pwani ina njia yake. Madrid, mji ulio mbali na bahari, una desturi ya kula besugo, samaki jamaa ya dorada, usiku wa kuamkia Krismasi. Ubavu wake huchanjwa na kila chanjo huchomekwa kipande cha limau kabla ya kuokwa. Wagiriki humwoka samaki kwa vitunguu, nyanya na pasli katika mlo uitwao plaki, na kwa samaki wa kuchoma hutumia mchuzi wa mafuta ya zeituni na limau yaliyopigwa pamoja hadi yakawa mazito. Skandinavia hushikilia shibiti. Wafaransa humfunga samaki katika karatasi iliyokunjwa kingo zake ili aive kwa mvuke wake, na katika jimbo la Murcia nchini Hispania dorada huzikwa mzima, na magamba yake, ndani ya chumvi ya mawe iliyoloweshwa, ambayo huganda kuwa chungu kinachovunjwa mezani. Njia hizi mbili za mwisho ndizo zinazomfaa zaidi samaki asiye na mafuta, ingawa zote humnyima ngozi iliyokauka na kukolea rangi.

Uhaba umebadili samaki anayeingia ovenini. Uvuvi wa kodi nje ya Newfoundland ulifungwa mwaka 1992 baada ya akiba yake kuporomoka, na soko la Ulaya likawapokea samaki wengine weupe, miongoni mwao sangara wa Ziwa Victoria, ambaye alipandikizwa ziwani humo katikati ya karne ya 20 na ambaye minofu yake husafirishwa kutoka viwanda vya Mwanza, Kisumu na vya Uganda. Minofu hiyo ni minene na huvumilia oveni kuliko ya kodi, kwa kuwa sangara mkubwa ana mafuta kiasi katika nyama yake.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, samaki huchomwa au hupakwa nazi zaidi kuliko kuokwa, na ndimu ndiyo inayoshika nafasi ya limau. Hakuna kinachozuia kumwoka, maana jiko la mkaa hugeuka tanuri pale sufuria nzito inapofunikwa na makaa kuwekwa juu ya mfuniko, kama inavyofanywa kwa mikate ya sinia. Changu mzima huiva vyema humo, mradi makaa ya juu yazidi ya chini. Katika majani, giligilani na nanaa viko jikoni tayari. Mrehani ni suala jingine: mwambao mzima unaujua, lakini huwekwa katika vikuba vya kujipamba wanawake kuliko katika chakula, na mpishi anayeutia kwenye samaki ajue kwamba baadhi ya wageni wake watahisi wamepakuliwa manukato.

Samaki aliyebaki huhifadhiwa katika friji na kuliwa ndani ya siku mbili. Kumpasha moto humkausha na kurudisha shombo, kwa hiyo ni bora aliwe baridi, akiwa amechambuliwa miiba, akachanganywa na mafuta ya zeituni, kitunguu na limau jipya.